Pacha wa Ng'ambo

Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita tangu Rachida akae benchi moja na pacha wake, na siku walipokaa tena, aliyewakalisha alikuwa daktari.

Mambo yalianza kwa tangazo. Watafiti wa chuo kikuu walikuwa wakiandikisha mapacha wa Kisangani, wakubwa kwa wadogo, ili wawapime kila mwaka wawili wawili. Walitaka kujua ni magonjwa gani mtu anazaliwa nayo katika damu, na ni yapi anayaokota maishani, katika chakula, maji, kazi na machungu. Tangazo lilisomwa redioni, likasomwa makanisani, na Ijumaa moja likasomwa msikitini baada ya sala. Nassoro, kaka mkubwa wa Rachida, akaja nalo nyumbani.

"Banatafuta mapasa," alisema huku akivua viatu mlangoni. "Banapima bure. Imamu anasema iko kitu ya muzuri."

Rachida alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Hakuinua uso. "Mapasa banaenda babili, Yaya," alisema, akimwita kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa.

Nassoro alipanga viatu vyake ukutani. Jina la yule wa pili lilikuwa halitajwi katika nyumba ile.

Baba yao, mzee Hamadi, alikuwa fundi wa kanzu, mtu wa ukoo wa Waislamu waliokaa Kisangani tangu enzi za misafara, na ukoo huo alijivunia kuliko mali yoyote. Alizaa watoto watatu: Nassoro, kisha Rachida na Aïcha kwa siku moja. Wale wasichana walifanana hata mama yao akalazimika kumfunga mmoja ushanga mkononi ili asimnyonyeshe mara mbili. Walipofika miaka ishirini, Aïcha alimpenda Henri, kijana Mkristo wa Yanonge aliyekuwa akileta samaki wakavu na mikungu ya ndizi kwa mtumbwi. Asubuhi moja alivuka mto naye mpaka Lubunga, akabaki huko. Mzee Hamadi aliwaita waliobaki akasema kwamba atakayemfungulia Aïcha mlango, huyo si mtoto wake tena. Akafa bila kulifuta neno hilo. Nassoro alirithi nyumba, na neno akalirithi pamoja nayo. Hata mama yao alipokufa, Aïcha alisimama nje barabarani mpaka jeneza lilipopita. Rachida alikuwa ndani na wanawake wenzake. Alichokiona ni pindo la kitenge chake tu, kwenye upenyo wa mlango.

Rachida mwenyewe aliolewa, akafiwa na mume kabla hawajapata mtoto, akarudi kuishi kwa kaka yake. Alishona, alisali, alinyamaza.

"Hospitali haiko nyumba," Nassoro alisema mwishowe, akiangalia pembeni. "Mukutane kule. Hapa hapana."

*

Daktari aliyewapokea aliitwa Émilie, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, na alipowaona wakikaribia benchi kila mmoja kutoka upande wake alisahau hata kusalimu. Wote wawili walikuwa wamefunga kilemba kwa fundo la kushoto. Wote wawili walikuwa wameziba mdomo kwa mkono. Walishikana, wakakaa. Rachida alikuwa akiisugua mikono ya mwenzake, na ile mikono ilikuwa migumu kama ubao.

"Ungali unalala na mukono chini ya kichwa?" Aïcha aliuliza.

"Ndiyo."

"Miye vilevile. Henri anasema siku moja huu mukono utakauka."

Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka watu wa foleni wakageuka.

Walipimwa uzito, urefu, sukari na tension, yaani nguvu ya damu inavyosukuma mishipa. Walitemea mate kwenye vichupa. Waliulizwa maswali yaleyale katika vyumba viwili tofauti: wanakula nini, wanakunywa maji ya wapi, wanapikia kuni au makaa, wanalala vipi. Walipomaliza walinunua lituma, ndizi za kupondwa, na samaki nje ya lango, wakala kwenye sahani moja.

Siku hiyo ya mwaka ikawa sikukuu yao. Rachida aliingoja kuliko Idi. Kabla haijafika alishona gauni, akajipima mwenyewe mbele ya kioo, akijua kwamba likimkaa yeye litamkaa na Aïcha. Na Aïcha alileta kifurushi cha samaki wa kukaushwa, ambacho Rachida alikifikisha nyumbani akisema amenunua sokoni. Nassoro alikuwa akila samaki hao akiwasifu, bila kuuliza.

Mwaka wa pili majibu ya mate yalikuwa yamerudi. Daktari Émilie aliwakalisha mbele ya meza yake akawaeleza taratibu.

"Nyinyi mulitoka mu yai moja. Ile iko mu damu ya mumoja, iko vilevile mu damu ya mwingine. Donc, tukiona mumoja anagonjwa na mwingine iko muzima, hatuwezi kusema ni damu. Tunapashwa kuangalia maisha yenu."

"Alors miye nikitaka kujua uso yangu itazeeka namna gani, niangalie hii," Aïcha alisema, akimwelekeza kidole Rachida, na daktari naye akacheka.

*

Mwaka wa tatu gauni halikumkaa Aïcha. Lilimpwaya mabegani. Aïcha alisema ni njaa ya asubuhi, amevuka mapema. Lakini daktari alipompima tension alimvua kile kitambaa cha kupimia mkononi, akamwambia apumzike, akampima tena. Kisha akampima mkono wa pili. Ya Rachida ilikuwa nzuri kabisa. Ya Aïcha ilikuwa juu mno, na mkojo wake ulionyesha kwamba hata figo zimeanza kuumia.

"Kichwa inakuuma?"

"Kidogo. Asubuhi."

"Macho?"

"Siku zingine kuna kama inzi bananipita mbele."

Daktari Émilie aliweka kalamu chini. Hakuwatenga vyumba siku hiyo. Aliuliza wote wawili wakiwa pale pale, na Aïcha akajibu kama mtu anayehesabu vyombo vyake. Anakula makayabo, samaki wa chumvi, karibu kila siku. Anakausha samaki kwa moshi mwaka mzima. Anabeba mizigo tangu ukingoni mpaka nyumbani. Analala kidogo.

"Na mateso mengine? Kufiwa?"

Aïcha aliangalia sakafu. "Nilizika babili."

Rachida aligeuka. "Babili nani?"

"Batoto. Wa kwanza alikuwa kichanga tu. Wa pili alikuwa Ruphin. Alikuwa na miaka nane, alikuwa anajua kusoma. Homa ilimukamata, ikapanda mu kichwa."

"Aïcha. Hukuniambia."

"Nilituma mutu. Nilimwambia: nenda ku parcelle, ku nyumba ya papa, ita Rachida, sema mutoto yangu amekufa, nataka ndugu yangu asimame karibu yangu. Alienda. Alirudi akasema mulango ulifungwa mbele ya uso yake."

Nje mtu alikuwa akiita namba za wagonjwa.

"Sikuambiwa," Rachida alisema. "Wallahi, hakuna mutu aliniambia."

"Nilikuja kufikiri vile nyuma sana. Kwanza nilikuchukia. Kisha nilichoka kukuchukia, nikaacha."

Daktari hakuandika neno. Alingoja mpaka Rachida akafuta macho, halafu akasema jambo lililokuwa la lazima. Aïcha aanze dawa leo, na asirudi Lubunga kwa sasa. Abaki upande huu wa mto mwezi mzima, apimwe kila baada ya siku chache, mpaka tension ishuke na wajue dawa ipi inamfaa. Kuvuka na kurudi, na mizigo, na moshi, havitamwacha apone.

"Kuko jamaa upande huu?"

Aïcha alicheka kidogo, cheko kavu. Rachida ndiye aliyejibu. "Kuko. Iko nyumba ya baba yetu."

*

Alimkuta Nassoro uani akitawadha kwa ajili ya sala ya alasiri. Alingoja amalize. Alipomaliza alimweleza yote bila kupanga maneno: tension, figo, mwezi mmoja, chumba cha nyuma ambacho hakikai mtu.

"Unajua jibu yangu," Nassoro alisema.

"Najua neno ya papa. Nataka kusikia yako."

"Neno ya papa njo yangu."

"Na siku ya Ruphin?"

Nassoro alishtuka kidogo. Hakuuliza Ruphin ni nani, na hapo Rachida akajua kwamba amekuwa akilikumbuka jina lile miaka yote hiyo.

"Nilimurudisha ule mutu," alisema taratibu. "Nilifanya vile papa angefanya. Nilikaa pale, pale kwa ile kiti, mpaka jioni, na sikula."

"Kutokula yako kulimsaidia nani?"

"Rachida, nisikie." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, ndevu zimeanza mvi, na kwa mara ya kwanza Rachida alimwonea huruma. "Nikifungua huu mulango leo, inamaanisha ningeweza kuufungua ile siku ya mutoto. Inamaanisha ningeweza kuufungua siku ya mama. Siku zote hizi. Unanielewa? Siwezi. Nitabaki na nini?"

Akatandika mkeka wake akasimama kusali, na Rachida akabaki pale uani na maneno yake mkononi.

Akaenda kwa Karima, rafiki yake wa siku nyingi, mjane kama yeye, aliyekuwa na chumba cha ziada si mbali na soko kuu. Karima hakuuliza maswali. Aïcha akaingia na kifurushi cha nguo, na kwa majuma mawili mapacha walikuwa pamoja kama wakati wa utoto. Rachida alimaliza kushona mapema kila siku akaenda kumpikia sombe, majani ya muhogo, bila chumvi.

"Hii ni chakula ya mugonjwa," Aïcha alikuwa akilalamika.

"Weye uko mugonjwa."

"Hii ni chakula ya maiti, Rachida."

Lakini alikula, na tension ilianza kushuka. Daktari Émilie alifurahi. Rachida alianza kupanga, kichwani mwake, namna atakavyohama kwa kaka yake watafute nyumba ya pamoja, wamlete na Vicky, mtoto wa mwisho wa Aïcha, aliyekuwa na miaka mitano.

Jioni moja alimkuta Aïcha amekaa kitandani, nguo zake zimekwisha kufungwa.

"Leo nilienda soko," Aïcha alisema. "Nilikutana na mama fulani wa mutaa yetu ya zamani. Amezeeka. Alinikumbatia, akauliza yaya Nassoro iko namna gani, akauliza cherehani. Alifikiri ni weye."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia cherehani iko muzuri." Aïcha alinyoosha pindo la kifurushi. "Unaona? Mu muji yenye tulizaliwa, ili mutu anisalimie, nilipashwa kuwa weye. Hapana, ndugu yangu. Kule Lubunga bananiita Mama Angèle, jina ya ubatizo. Haiko jina yenye mama alinipa. Lakini mutu akiita, anaita miye."

Rachida alimbembeleza, alikasirika, alilia. Karima naye alijaribu. Asubuhi Aïcha alivuka na dawa zake kwenye mfuko, ameahidi kuzinywa na kurudi kupimwa mwisho wa mwezi.

Hakurudi kupimwa. Kwa simu alisema yuko mzima, kichwa hakiumi tena, inzi wamekwenda zao. Kama amepona, dawa ni za nini?

"Docteur alisema ni za kila siku."

"Nitakunywa, nitakunywa."

*

Simu ya Merdi ilikuja mchana, Rachida akiwa katikati ya mshono. Merdi alikuwa binti mkubwa wa Aïcha, na hakuwa amewahi kumpigia. Alisema mama yake alikuwa akisafisha samaki ukingoni, akasema kichwa, kichwa, akaegemea mtumbwi uliokuwa umepandishwa mchangani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja. Walimbeba. Hakufika popote.

Rachida aliinuka akavaa mtandio. Nassoro alikuwa mlangoni; alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo na ulitosha.

"Amekufwa?" aliuliza.

"Amekufwa."

Alisogea kando ili apite. Rachida alipofika barabarani aligeuka mara moja, akamwona bado amesimama vilevile, mkono umeshika ubao wa mlango, na mlango wenyewe uko wazi.

Mtumbwi wa mota ulimvusha na watu wenye mihogo na baiskeli. Hakuwahi kwenda nyumbani kwa pacha wake. Aliuliza njia ukingoni, na mwanamke aliyemuuliza alipiga ukelele, akatupa beseni chini, akakimbia. Hapo ndipo Rachida alipoelewa kile ambacho hakuwa amekifikiria kabisa: alikuwa amekuja matangani na uso wa marehemu.

Ilikuwa vivyo hivyo njia nzima. Watu walisimama, walirudi nyuma, walijipiga ishara ya msalaba. Kwenye ua wa Henri, chini ya turubai la matanga, wanawake waliokuwa wakiimba walinyamaza mmoja mmoja. Mwili ulikuwa ndani, umelazwa. Na kutoka katikati ya miguu ya watu akatoka mtoto, anakimbia, mikono imetanuliwa.

"Mama! Banasema uongo! Mama iko hapa!"

Vicky alimkumbatia magotini. Rachida alipiga magoti akamshika. Angesema mimi si mama yako, na harufu yake tu, sauti yake, vidole vyake, vingemkanusha. Merdi ndiye aliyekuja kumtoa yule mtoto polepole, akimwambia sikioni, na kilio cha Vicky alipoelewa kilikuwa kikubwa kuliko cha mwanzo. Alifiwa mara mbili siku hiyo.

Henri alitoka ndani. Alikuwa mtu mrefu aliyepinda kidogo mgongo. Alimwangalia Rachida, akafunga macho, akaegemea ukuta.

"Karibu, shemeji," alisema na macho yamefungwa. "Karibu kwake. Alikuwa anakuongelea kila siku."

Bibi mmoja wa Yanonge, wa upande wa Henri, alimshika mkono Rachida alipotaka kulia mbele ya maiti. "Hapana kulia, mama. Pasa halilii mwenzake. Ukilia, atakuita umufuate." Basi Rachida alikaa karibu na kichwa cha pacha wake, macho makavu, akiangalia jinsi yeye mwenyewe atakavyokuwa siku moja. Mkono wa Aïcha walikuwa wameulaza kifuani. Alitamani kuuweka chini ya kichwa, lakini hakuthubutu.

Walimzika kesho yake. Katekista alisoma jina la Angèle, na msalaba uliandikwa Angèle. Kila jina hilo lilipotajwa, Rachida alisema kwa ndani lile ambalo mama yao alimpa, pole pole, akaendelea hivyo mpaka udongo ulipokwisha.

Nassoro hakuvuka. Alikuja mpaka ukingoni, watu walimwona, amevaa kanzu nyeupe, akasimama karibu na mitumbwi mpaka jua likawa kali, akarudi.

*

Baada ya matanga Rachida alianza kwenda Lubunga kila Ijumaa baada ya sala. Alipika, alimsuka Vicky nywele, alishona sare ya shule. Mtoto alimng'ang'ania. Alikula vizuri akiwa pale, alicheka akiwa pale, na jioni, Rachida alipochukua mkoba wake, aligeuka kuwa kitu kingine: alijitupa chini, alitapika, alilala na homa. Juma zima lilipita akimngoja mlangoni.

Ijumaa moja Henri alimsindikiza mpaka ukingoni. Walipofika kwenye mitumbwi alisimama akiangalia maji.

"Shemeji, nataka kukuambia kitu, na usikasirike."

"Sema, Papa Vicky."

"Usikuje tena. Haiko ya siku zote. Ni kwa sasa." Alimeza mate. "Mutoto anazika mama yake kila Ijumaa. Na miye vilevile. Nikikusikia unakohoa mu jiko, miguu yangu inasimama yenyewe. Nikikumbuka, nakaa. Siwezi hata kukuangalia. Unaona namna naongea na weye? Naangalia mayi."

Rachida alikuwa ameona. Alikuwa ameona tangu siku ya kwanza.

"Nimesikia," alisema.

"Uko mutu muzuri. Haiko kosa yako."

"Nimesikia, Henri."

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Nassoro alikuwa ameacha kula naye. Rachida akiingia, yeye alitoka. Akimletea chai, aliipokea akiangalia kikombe. Alipunguza maneno mpaka yakabaki salamu. Siku moja Rachida alimkamata akimtazama kwa nyuma, kwenye kioo cha barazani, na macho yao yalipokutana alifunika uso kwa mikono yote miwili, mtu mzima yule, akalia kwa sauti.

"Ondoka mbele yangu," alisema. "Nakuomba, Rachida. Sikufukuzi. Lakini kila asubuhi nafungua mulango, na ni yeye."

Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka tu, kama Aïcha alivyochoka kumchukia. Alihamisha cherehani na sanduku lake la nguo kwenye chumba cha Karima. Akaishi humo, anashona, watu wanakuja kupimwa na kwenda.

Siku ya mapacha ilipofika alikwenda peke yake. Hakujua kama aende au asiende, miguu ilimpeleka. Daktari Émilie alikuwa amekwisha kusikia. Alitoka nje ya chumba chake, akamkumbatia mbele ya watu, kisha akamweleza ukweli, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli. Kwa utafiti, jozi yao imefungwa. Kinachopimwa ni wawili, na mmoja hawezi kulinganishwa na mwenziwe aliyekufa. Yale waliyokwisha kuyatoa yatabaki, yatawasaidia wengine. Lakini yeye kama mgonjwa wake hatamwacha.

"Leta mukono," alisema.

Alimpima. Akamwambia apumzike, akampima tena. Akavuta kiti karibu.

"Imepanda, Mama Rachida. Imepanda sana."

"Kama ya Aïcha?"

Daktari alisita. "Karibu sawa na ile."

Rachida aliangalia mkono wake uliofungwa kitambaa, na kitu kama furaha kikampita, kitu cha aibu ambacho asingemwambia mtu. Katika mwaka ule mzima lilikuwa jambo la kwanza walilokuwa nalo tena pamoja. Alichukua dawa, akashukuru, akazipeleka nyumbani, akaziweka juu ya kabati, na hakuzigusa.

Merdi ndiye aliyezikuta. Alivuka mto mwanzoni mwa muhula ili aingie chuo cha ualimu, na baba yake akamwambia aombe mahali kwa mama yake mkubwa. Siku ya pili, akitafuta uzi juu ya kabati, alishuka na mfuko wa dawa haujafunguliwa. Aliuweka juu ya cherehani, juu ya kitambaa kilichokuwa kikishonwa.

"Hii ni nini, mama mukubwa?"

"Dawa."

"Naona ni dawa. Mama yangu alikuwa na zile zile. Alisema anajisikia muzuri. Weye unasema nini?"

Merdi alileta maji kwenye kikombe, akatoa kidonge, akakaa chini mbele yake, magoti yakigusana. Rachida alikimeza. Alingoja yule msichana ainuke aende zake, kama walivyofanya wengine wote, lakini Merdi alibaki pale pale, anamtazama paji la uso, macho, mdomo, polepole.

"Unaangalia nini?"

"Weye."

"Haikuumizi?"

"Inaniumiza," Merdi alisema, na hakugeuza uso. "Niambie alikuwa namna gani wakati alikuwa na miaka yangu. Papa hawezi kuongea."

Rachida akasogeza kitambaa kando, akaanza kumsimulia juu ya ushanga ambao mama yao alimfunga mmoja wao mkononi ili awatambue, na ni yupi kati yao aliyeuvaa.